Barua ya KMTC haijafika, na chuo kingine kinataka Sh60,000 kufikia Ijumaa

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Nina miaka 23. Kwetu ni Bungoma, lakini kwa miaka miwili sasa nafanya kazi katika kibanda cha M-Pesa hapa Kondele. Mshahara ni Sh12,000 kwa mwezi.

Nilifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka wa 2022 nikapata C. Baiolojia nilipata C, Kiswahili B-, Kemia C-, Kiingereza C- na Hisabati D. Karo haikuwepo, kwa hivyo nikaingia kazini. Mwaka wa 2023 nyanya yangu alipata kiharusi, nikakaa naye wodini siku 19. Niliwaona wauguzi wakimgeuza kila saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, na siku moja mmoja wao akanionyesha jinsi ya kumlisha bila kumkaba. Tangu hapo sijataka kazi nyingine.

Mwaka huu niliomba diploma ya uuguzi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo. Nilijazia fomu saiba moja (duka la kompyuta na intaneti) hapa mjini. Niliandika kampasi za Kisumu, Nakuru na Kakamega. Sasa ni wiki ya saba na sijasikia lolote. Naamka saa nane usiku nakagua simu. Mteja akija kutoa pesa nahesabu vibaya kwa sababu jicho liko kwenye simu ile nyingine. Nikiona ile D ya Hisabati naambia moyo wangu kwamba wamenikataa tu na hawataki kusema.

Nyumbani wamejitolea sana. Mjomba aliuza fahali Sh55,000. Mama alikopa Sh70,000 kwenye chama chao cha kukopeshana, atalipa kwa miezi 12 na riba ya asilimia 10. Mimi niliweka akiba ya Sh25,000. Jumla ni Sh150,000, na ziko kwenye akaunti yangu. Mama alishatangaza kanisani, na watoto wa jirani wananiita nesi.

Wiki iliyopita binamu yangu aliyeko Nakuru alinipeleka kwenye chuo cha binafsi cha uuguzi. Walinipokea vizuri, wakaangalia matokeo yangu na kunipa barua ya kujiunga siku hiyohiyo. Masomo yanaanza baada ya wiki tatu. Karo ni Sh180,000 kwa mwaka, bila malazi. Wanataka Sh60,000 kufikia Ijumaa ya wiki ijayo ili wanishikie nafasi, na pesa hizo hazirudishwi hata nisipokwenda. Mjomba anasema ndege mmoja mkononi ni bora kuliko kumi mtini. Mama anaogopa kwamba pesa zikikaa zitaliwa na shida ndogondogo. Mimi naogopa kulipa Jumatano halafu barua ya KMTC ije Alhamisi.

Jambo la mwisho naona haya kulisema. Kuna mtu anayenitumia ujumbe akijiita karani. Anasema nikimtumia Sh30,000 atalisukuma jina langu liingie Kisumu. Sijamjibu, lakini pia sijafuta namba yake.

Nikilipa nitajuta? Nikingoja nikakosa, nitamwambia mama nini? Nina miaka 23, wenzangu niliomaliza nao wako mwaka wa mwisho.

Anayesubiri, Kisumu

JIBU

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma na kalamu mkononi kwa sababu umeandika hesabu zako wazi. Umebanwa na saa mbili zisizokwenda pamoja. Moja ni ya KUCCPS, ambayo huwezi kuiharakisha. Nyingine ni ya chuo cha Nakuru, inayokuharakisha wewe. Katikati zimelala pesa za watu watatu, na wewe ndiwe uliyeachiwa kuamua. Yeyote angeamka saa nane usiku.

Nianze na ile D inayokusumbua. Diploma ya uuguzi inataka wastani wa C katika KCSE, C katika Baiolojia, C katika Kiingereza au Kiswahili, na C- katika somo moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Soma tena neno “au”. Kiswahili chako cha B- kimeshaifunika ile C- ya Kiingereza, na Kemia yako ya C- imeifunika D ya Hisabati. Kwa hivyo umefika mlangoni kihalali. Kufika mlangoni si kupewa kiti, kwa sababu wanaoomba uuguzi ni wengi na kila kampasi ina idadi yake, lakini hujakataliwa kwa sababu ya Hisabati.

Kimya nacho umekipa maana ambayo hakina. Nafasi hizi hazitolewi mtu mmojammoja kadiri maombi yanavyosomwa. Dirisha la maombi hufungwa, mfumo hupanga wote kwa pamoja kulingana na alama na machaguo yao, kisha majibu hutoka kwa mkupuo. Kabla ya siku hiyo, aliyepata na aliyekosa wote wanaona ukurasa uleule.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni neno “saiba”. Wengi wanaojaziwa fomu huko huandikiwa baruapepe ya mhudumu, au namba ya simu ambayo baadaye hupotea, na neno la siri hubaki kwenye daftari la mtu mwingine. Jibu likija linakwenda kusikojulikana. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya KUCCPS kwa nambari yako ya mtahiniwa wa KCSE na mwaka wa mtihani. Kama neno la siri halijawahi kubadilishwa, huwa ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa KCPE wa darasa la nane, ile uliyoandikishiwa KCSE. Libadilishe, weka baruapepe na simu yako, kisha hakikisha ombi limelipiwa na kampasi ulizotaja ndizo zilizoandikwa. Ombi lililojazwa bila kulipiwa haliendi popote, na wapo wanaokuja kuligundua hilo wakati dirisha limeshafungwa.

Ukishalithibitisha, chagua siku moja ya wiki na saa moja ya kuangalia, tuseme Jumatatu saa moja jioni baada ya kufunga kibanda. Simu haina jipya la kukuambia saa nane usiku, na kosa la kuhesabu pesa za wateja litakatwa kwenye mshahara wako.

Sasa tuje Nakuru. Mjomba amesema ndege yuko mkononi. Mimi ningependa kwanza tumtazame huyo ndege. Barua uliyopewa siku hiyohiyo ni ahadi ya chuo. Haijakuwa ahadi ya Baraza la Wauguzi la Kenya, na Baraza ndilo linalotoa leseni. Ili ufanye mtihani wa leseni baada ya miaka mitatu, chuo lazima kiwe kimeidhinishwa na Baraza kwa kozi unayosomea, na wewe mwenyewe uwe umeandikishwa na Baraza mwanzoni mwa masomo na kupewa nambari ya indeksi. (Usiichanganye na ile nambari ya KCSE.) Bila nambari hiyo unaweza kusoma miaka yote mitatu, ukalipa karo yote na kuvaa sare, halafu usiruhusiwe kukaa kwenye mtihani unaokufanya muuguzi. Hapo ndipo familia nyingi zimepoteza mashamba.

Sisemi chuo hicho ni kibaya. Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa kuna shule za uuguzi zisizo za serikali zilizojenga jina kwa miaka mingi, zikiwemo za misheni kama ile ya Tenwek huko Bomet na ile ya Waadventista kule Kendu Bay. Kuwa cha binafsi si kasoro. Kasoro huwa katika mambo ambayo mgeni hayaoni siku ya kwanza, na una siku kadhaa za kuyaangalia kabla ya Ijumaa.

Fungua tovuti ya Baraza la Wauguzi, tafuta orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa, ulinganishe jina neno kwa neno na lile lililo kwenye barua yako. Angalia na mji. Hutokea chuo kikawa na idhini kwa kampasi moja kisha kikafungua tawi mahali pengine likitumia jina lilelile. Angalia na kozi, kwa kuwa idhini ya cheti haimaanishi idhini ya diploma. Jina usipoliona, au ukiliona kwa namna inayokutatiza, piga simu kwa Baraza kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, usitumie namba utakayopewa na ofisi ya chuo. Uliza pia idadi ya wanafunzi ambao chuo kinaruhusiwa kupokea kwa kila muhula wa usajili. Chuo chenye ruhusa ya 40 kikipokea 70, kuna 30 ambao indeksi yao itakuwa na matatizo, na aliyelipa mwisho ndiye huwa wa kwanza kuachwa.

Kisha mwombe binamu yako akutafutie mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo hicho, mzungumze nje ya geti. Muulize kama ameshapata nambari ya indeksi na ilichukua muda gani. Muulize mazoezi ya wodini wanafanyia hospitali gani, na kama wanapata kesi za kutosha za kuzalisha. Muuguzi hasomi darasani peke yake. Chuo kisicho na mkataba na hospitali yenye wagonjwa wengi huwatawanya wanafunzi wake mbali, na nauli na chumba cha kukodi huko vinatoka mfukoni mwa mzazi.

Mwisho uliza chuo chenyewe kama kinaweza kukuandikia masharti ya ile Sh60,000 kwenye karatasi yenye muhuri: inahesabiwa kama karo au inakaa pembeni, na kama unaweza kuihamishia muhula unaofuata ukichelewa. Wengine hukubali kupokea kiasi kidogo, au kuongeza wiki mbili, wakiombwa kwa adabu. Hata namna watakavyokujibu itakufunza kitu.

Sasa hesabu, kwa maana hapa ndipo barua yako ilipopita haraka. Karo ni Sh180,000 kwa mwaka na wewe una Sh150,000. Mwaka wa kwanza pekee umepungukiwa Sh30,000 kabla ya kulala wala kula. Chumba Nakuru, hata ukikipata kwa Sh4,000, ni Sh48,000 kwa mwaka. Karo ya miaka mitatu ni Sh540,000. Na siku utakapoacha kazi Kondele, ile Sh12,000 ya kila mwezi inakoma. Wakati huohuo mama anadaiwa na chama Sh77,000, yaani kama Sh6,417 kila mwezi kwa mwaka mzima. Hukunieleza mama anazipata wapi. Je, ilikuwa wewe ndiwe utakayemsaidia kulipa?

Sisemi hivyo kukukatisha tamaa. Wapo wanaoanza na pesa pungufu wakamaliza, kwa mkopo wa HELB ambao serikali huwapa wanafunzi, basari ya NG-CDF (mfuko wa maeneobunge) na ile ya kaunti. Ila ujue jinsi misaada hiyo inavyokwenda: fomu nyingi hutaka barua ya kujiunga na uthibitisho kwamba umeshasajiliwa chuoni, hupita kwa chifu kupigwa muhuri, na pesa hufika muhula ukiwa umeshaanza, wakati mwingine umekwisha. Kwa hivyo pesa taslimu za kuanzia hazikwepeki, iwe KMTC au kwingine. Kabla ya kulipa chuo chochote cha binafsi, uliza kama wanafunzi wake wanapata HELB. Wasipopata, ile Sh390,000 ya pengo la karo itabidi itoke nyumbani.

Kuhusu hofu ya mama kwamba pesa zitaliwa na shida ndogondogo, anasema kweli. Lakini kuzilipa haraka si njia pekee ya kuzilinda. Muulize kama mweka hazina wa chama anaweza kupokea zile Sh70,000 zirudi sasa, mkopo ufutwe au riba isimame, kisha azichukue tena barua ikitoka. Vyama vingine vinakubali, vingine vinataka riba ya mwezi mmoja. Hata wakikataa, pesa zinaweza kuwekwa kwenye akaunti ya Sacco isiyotolewa kwa simu.

Ukichagua kungoja, nako kuna hatari zake, na sitazificha. Umeandika kampasi tatu ambazo kila mtu wa upande huu anaziandika. Unaweza kukosa zote tatu ingawa alama zako zinatosha. Dirisha la pili likifunguliwa, tazama kampasi zenye nafasi zilizobaki, hata kama ni mbali na ziwa. KMTC ina kampasi zaidi ya 70 nchini, na leseni ya aliyesomea mbali ni ileile. Ukikosa kabisa, kuna usajili wa Machi na wa Septemba, kwa hivyo kungoja kwingine ni miezi kadhaa. Hiyo miezi ina uchungu wake, hasa mbele ya watoto wanaokuita nesi, lakini alama za KCSE haziozi. Katika madarasa ya uuguzi utawakuta watu waliomaliza kidato cha nne miaka mingi kabla yako. Miaka 23 umeiona kubwa kwa sababu umejipima na wale uliomaliza nao tu.

Na ukichagua kulipa Nakuru baada ya kuyaangalia yale yote na kuridhika, barua ya KMTC inaweza kweli kuja siku inayofuata. Jiulize leo, kabla haijaja: utakuwa tayari kuiacha Sh60,000 na kwenda KMTC, au utaiacha nafasi ya KMTC ili Sh60,000 isipotee? Andika jibu lako kwenye karatasi wakati moyo umetulia. Wengi hukwama kwenye chuo ghali kwa sababu ya pesa walizokwisha kutoa, siyo kwa sababu ndicho walichokitaka.

Kuhusu huyo karani nitasema waziwazi. Hakuna jina linalosukumwa. Mpangilio unafanywa na mfumo kwa alama na machaguo, na barua ya KMTC unaipakua mwenyewe. Atachukua Sh30,000, kisha atahitaji Sh5,000 za muhuri, kisha namba itazimwa. Wewe unakaa kibandani, unawajua matapeli wa aina hii kuliko mimi. Usione haya kwamba hukuifuta namba yake. Mtu aliyengoja wiki saba hushika hata unyasi. Hifadhi ujumbe wake kama ushahidi, mfungie, ripoti polisi.

Kuna mambo yatakayokusaidia uende Nakuru au KMTC, na hayangojei barua. Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha KCSE, uviweke pamoja mezani usome majina herufi kwa herufi. Kama kimoja kinasema Nekesa na kingine Nekeza, usajili utakwama. Hati ya kiapo kwa wakili huchukua siku moja, lakini kubadilisha cheti chenyewe ni wiki nyingi, na wiki hizo unazo sasa. Kama cheti cha KCSE bado kiko shuleni, kifuate. Jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kama hujajisajili. Anza chanjo ya homa ya ini aina ya B: ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Mwanafunzi wa uuguzi huanza kushika sindano na damu mapema, na ukianza leo utaingia wodini ukiwa na kinga fulani tayari. Ukipata nafasi, mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu yanafaa. Ila ukipewa tangazo la kozi ya miezi mitatu ya kutunza wagonjwa, ujue hiyo ni kazi nyingine, haikuandalii leseni ya uuguzi.

Umeniuliza utamwambia mama nini. Pengine umembebea mama woga ambao si wake wote. Mwanamke aliyekopa chama anajua kungoja na anajua hesabu. Nenda Bungoma Jumapili, mjomba awepo pia, kwa sababu fahali alikuwa wake. Uwe umeshaangalia orodha ya Baraza na umeongea na yule mwanafunzi wa mwaka wa pili. Waonyeshe karatasi yenye Sh540,000 upande mmoja na Sh150,000 upande wa pili, kisha unyamaze uwasikilize. Mjomba anaweza kusema bado tulipe. Mama anaweza kusema turudishe za chama. Lolote watakalosema, Jumatatu hutakuwa tena peke yako na ile simu.